Mashapo ya Tulizana

Ipo nchi moja, na msiniulize iko wapi, kwa sababu ramani yake yenyewe bado inasubiri kibali. Ni nchi nzuri. Ina viongozi, milima, mito na wananchi, na nimevitaja kwa kufuata itifaki. Mimi ni mwandishi wa gazeti la serikali la nchi hiyo. Kazi yangu ni kuhudhuria sherehe, kula kinacholetwa na kuandika kwamba sherehe zilifana.

Kazi naipenda, ila nina tumbo bovu. Mheshimiwa yeyote akishika kipaza sauti, mate yananijaa mdomoni na roho inaanza kunichafuka. Daktari aliniambia ni sambusa za kwenye sherehe, kwamba mafuta yake yamerudiwa mno. Nikaacha sambusa. Kichefuchefu kikabaki. Akasema basi ni chai ya maziwa. Nikaacha chai ya maziwa. Siku hizi nakunywa maji matupu, na bado hotuba ya ufunguzi inanipeleka chooni mbio. Nalitaja hili mapema ili msomaji akinikuta nimeinama nyuma ya ukumbi, asidhani nina kinyongo na serikali yangu.

*

Fahari ya nchi yetu ni Chuo Kikuu cha Taifa, na fahari ya chuo hicho ni Ukuta.

Zamani Ukuta haukuwepo. Palikuwa na Idara ya Jiografia moja tu, ambamo mvua na mashamba, mito na vijiji vilisomwa pamoja bila aibu. Halafu kwenye mahafali fulani likaletwa sinia la pilau, na juu ya pilau paja moja la mbuzi. Profesa Lukumbo, mtaalamu wa mito na udongo, akalidaka upande wa mfupa. Profesa Chirwambe, mtaalamu wa makazi na idadi ya watu, akalidaka upande wa mnofu. Wakavutana mbele ya wageni, mafuta yakiwachuruzika mpaka kwenye viwiko vya majoho, na kwa kuwa ni wasomi, kila mmoja alitoa hoja. Lukumbo alisema mbuzi hula majani, majani huota kwenye udongo, kwa hiyo mbuzi ni wa kwake. Chirwambe alisema mbuzi huyu amefugwa, amechinjwa na amepikwa, na hizo zote ni shughuli za binadamu. Paja likachanika. Idara nayo ikachanika hapohapo, na pilau ikaliwa na madereva.

Serikali yetu inapenda amani. Ilijenga ukuta wa matofali katikati ya jengo, kuanzia kwenye msingi hadi kwenye bati, ikaweka mlango mmoja na mlinzi mmoja, ikatunga Sheria ya Kutochanganya. Upande wa kushoto ni Jiografia ya Maumbile, chini ya Lukumbo, na huko ni marufuku kutaja mtu. Upande wa kulia ni Jiografia ya Watu, chini ya Chirwambe, na huko ni marufuku kutaja maji, mvua, udongo au mlima. Anayevuka mlango hubadilisha viatu, mabuti ya mpira kwa Lukumbo na viatu vya ngozi kwa Chirwambe, kisha husukutua mdomo ili asipitishe maneno ya upande wa pili. Mlinzi, Bwana Mpelumbe, ana ndoo na kikombe. Kwa kuwa kiti chake kimekaa nusu huku nusu kule, kilichomo kwenye ndoo hathubutu kukitaja. Husema tu, "Haya, sukutua na kile."

Wasomi wetu ni wabunifu. Wanafunzi wa Lukumbo wakikuta nyumba huko porini, huandika "mwamba wenye paa". Wakikuta watu, huandika "mashapo". Mashapo ni mchanga, kokoto na takataka ambazo mto huzibeba na kuzitua mahali, na Profesa alishaeleza kwamba kitaalamu binadamu hana tofauti kubwa nazo, kwani naye huletwa na nguvu asizozijua, na akishaletwa hukaa. Wanafunzi wa Chirwambe nao, kijiji kikikumbwa na gharika, huandika kwamba "kilipatwa na hali". Kikikumbwa na ukame, vilevile, hali. Nilihudhuria maadhimisho ya Ukuta mwaka juzi na yalifana sana. Nilitapika kwenye maua ya Mkuu wa Chuo, nadhani ilikuwa juisi.

*

Sasa nije kwa Mwajabu Lugendo, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Kosa lake lilikuwa moja: alikotoka palikuwa na mto na watu kwa wakati mmoja.

Alilelewa na shangazi yake, Bi. Stumai, juu ya Kilima cha Msanga. Kilima kile kilikuwa na miti mingi, upepo mzuri na wenyeji wa tangu na tangu. Siku moja Mheshimiwa Mkuu wa Wakuu alitua hapo na helikopta, akapunga hewa, akakumbuka kwamba ng'ombe wake huko kwao wanateseka na joto. Kabla ya mavuno wenyeji walikuwa wameshashushwa bondeni, miti imekatwa ili majani yaote, ng'ombe wamepandishwa na kilima kimezungushiwa seng'enge. Bondeni wananchi walipewa kijiji kipya kinachoitwa Tulizana. Ni mahali tambarare, pana mchanga mwingi na kokoto laini za mviringo. Siku ya uzinduzi Waziri wa Makazi aliokota kokoto moja, akaiinua juu, sauti ikamtetemeka kwa uzalendo.

"Wananchi! Nchi za wenzetu watu wanavunja mawe kwa nyundo mpaka mikono inatoka malengelenge. Ninyi mmeletewa kokoto zilizokwisha kulainishwa, bure, na serikali yenu sikivu!"

Tulipiga makofi. Aliyezilainisha hatukumuuliza.

Mwajabu aliuliza. Alichimba shimo nyuma ya jiko la shangazi yake, akakuta kokoto chini ya mchanga, matope meusi chini ya kokoto, na chini ya matope kokoto tena. Akachimba mashimo mengine kijiji kizima, akapima, akapanda mpaka kwenye seng'enge, akashuka, akapima tena. Alichokipata mtoto wa shule angekielewa. Tulizana ilikuwa njia ya zamani ya Mto Lwande. Mto ulikuwa umehamia upande wa pili wa bonde, lakini huko nako kulikuwa kunajaa mchanga uliokuwa unaporomoka kutoka kilimani, pale miti ilipokatwa kwa ajili ya ng'ombe. Mvua kubwa ikinyesha, mto ungerudi kwake, na kwake sasa walikuwa wamepangiwa watu.

Alimweleza shangazi yake jikoni. Bi. Stumai alikuwa anachoma vitumbua, kazi aliyoifanya tangu ujana wake.

"Shangazi, hapa mnalala mtoni."

"Mtoni? Mbona kuchota maji natembea mpaka miguu inavimba?"

"Mto ulihama, shangazi. Utarudi."

"Lini?"

"Masika ikichachamaa huko juu. Inaweza kuwa hii inayokuja."

Bi. Stumai aligeuza kitumbua, akakitazama. "Mimi wale watu walinishusha kule juu nina sufuria mkononi, na mpaka leo sijaambiwa kwa nini. Wewe angalau umeniambia kwa nini. Basi tunahama."

*

Watu wa Tulizana wakafunga magodoro, wakabeba kuku na watoto, wakapanda kilimani. Kwa bahati siku hiyo nilikuwa kilimani hapohapo, nimetumwa kuandika habari za Uzinduzi wa Geti. Seng'enge ya Mheshimiwa ilikuwa imepata geti jipya la chuma, na Mkuu wa Wilaya, Bwana Gwandumi, alikuwa amekuja kulikatia utepe. Alikuwa ameanza kulielezea geti kwamba ni daraja kati ya serikali na wananchi, nami nilikuwa nimeshashika tumbo, ndipo wananchi wakatokea.

Mama mmoja mnene wa umri wangu au zaidi aliweka kapu chini karibu nami. "Baba, mbona umekuwa mweupe kama unga? Hebu kula." Akanipa kitumbua. Huyo ndiye Bi. Stumai. Nilikila kile kitumbua na kingine, Bwana Gwandumi akiendelea kuhutubia, na kichefuchefu hakikuja. Nililishangaa tumbo langu.

Mkuu wa Wilaya aliwatazama watu na magodoro yao. "Naomba kuuliza. Mnahama au mnavamia?"

"Tunahama, baba," akasema Bi. Stumai. "Maji yanakuja."

"Nani kasema?"

"Mwanangu huyu hapa. Amesoma mpaka kule mwisho kabisa."

Mwajabu akasogea, akamwamkia, akaanza kueleza habari za mto. Bwana Gwandumi akainua kiganja.

"Binti, serikali haihamishi watu kwa maneno ya jikoni. Serikali inahamisha watu kitaalamu. Niletee pendekezo kutoka Chuo Kikuu, liwe na mhuri, liseme wazi kwamba maji yatawafikia watu. Likifika mezani kwangu, geti hili nalifungua kwa mikono yangu mwenyewe. Bila hilo, hawa wote ni wavamizi wa malisho, na walinzi wana maelekezo."

Walinzi walisogea ili maelekezo yaonekane. Ng'ombe wa Mheshimiwa walikuwa wamejipanga nyuma ya seng'enge, wamenona, wanacheua, wanatutazama. Watu wakashusha pumzi, wakabeba tena magodoro, wakageuka kuteremka.

Bi. Stumai alimshika Mwajabu mkono. "Kalete hilo pendekezo, mwanangu. Sisi tutakungoja. Ila nakuomba, usikae huko mkaanza kuongea ongea."

*

Haya yanayofuata alinisimulia Mwajabu mwenyewe.

Alimwendea kwanza Profesa Lukumbo, akavaa mabuti, akasukutua. Profesa alisoma kazi yake huku akifuta machozi ya furaha. Mto unaorudi kwenye njia yake ya kale! Hajapata kuona mwanafunzi aliyeandika vizuri hivyo. Kisha akafika kwenye neno kijiji, akaweka kalamu nyekundu juu yake kama anayeua mende.

"Hiki ni nini?"

"Tulizana, Profesa. Watu wanaishi pale. Ndiyo maana naomba pendekezo."

"Binti, mimi naona mwamba wenye paa. Naona mashapo. Andika hivyo, nami nakupa daraja la juu kabisa."

"Nikiandika mashapo, Mkuu wa Wilaya hafungui geti."

"Geti si umbo la ardhi," akasema Lukumbo, akamrudishia kazi.

Akavua mabuti, akasukutua, akavaa viatu vya ngozi. Profesa Chirwambe naye alifurahi. Watu wa Tulizana wamehesabiwa vizuri, umri wao, kazi zao, wanavyooana, wanavyozaa. Aliupigapiga ukurasa kwa upendo, akasema jamii hii imetulia kweli, jina limewapata. Kisha akanusa.

"Hapa umeandika wako hatarini. Hatari gani?"

"Mto, Profesa."

Chirwambe akaziba masikio kwa viganja. "Nenda kasukutue, urudi."

"Nimeshasukutua."

"Basi hukusukutua vizuri. Futa hiyo hatari. Huwezi kuleta hatari humu bila chanzo, na chanzo hakiruhusiwi humu."

Hivyo ndivyo Mwajabu alivyoandika tasnifu mbili. Moja ilisema Mto Lwande utarudi kwenye njia yake ya kale, juu ya mashapo. Nyingine ilisema Tulizana kuna watu. Alipeleka zote mbili kwa Mkuu wa Wilaya, akamsihi azisome pamoja, moja mkono huu na nyingine mkono ule. Bwana Gwandumi aliruka kitini. Ofisi yake ina kabati mbili, za wizara mbili, na anayezifungua kwa pamoja anafungwa. Akamshauri, kwa upole wa mzazi, kwamba akazitetee kwanza. Huenda majopo yakamwonea huruma yakampa sentensi moja ya pamoja.

Mimi nimefanya kazi na watu hawa miaka mingi, na hapa naomba niseme bila kuzunguka. Wote walijua. Lukumbo alijua, Chirwambe alijua, Gwandumi alijua zaidi yao. Kuna uvundo unatoka kwa watu wanaojua na bado wanazungumzia kabati.

*

Utetezi wa tasnifu zote mbili ulifanyika siku moja, masika ikiwa imeshaanza. Niliitwa kuuandika kwa sababu Mkuu wa Chuo alitaka ionekane jinsi Ukuta unavyozalisha wasomi mara mbili.

Mwajabu alianza kwa Lukumbo. Madirisha ya upande huo yalikuwa wazi, na mbali kule wingu lilikuwa limeikalia Msanga, jeusi tii. Mvua ilipoanza kupiga, jopo lilisimama dirishani likishangilia. "Data hiyo!" alisema Lukumbo akisugua mikono. "Data inakuja yenyewe!" Mwajabu aliulizwa maswali mazuri sana. Mto utapita wapi? Utakuwa na kasi gani? Utabeba mashapo ya ukubwa gani? Alijibu yote, macho yakiwa kwenye wingu. Kisha akakimbia mlangoni, akabadilisha viatu, akasukutua, akaingia kwa Chirwambe.

Huko mapazia yalikuwa yamefungwa. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa kishindo mpaka mtu hamsikii jirani yake, na Profesa Chirwambe alitangaza kwamba hayo ni makofi, akaomba makofi yapungue. Hayakupungua. Wakamuuliza Mwajabu kwa kupaza sauti kama wakazi wa Tulizana wana mpango wa kuhama. Akasema wanataka kuhama sana. Wakamuuliza kwa nini. Akanyamaza. Jopo likaandika kwamba wakazi wanapenda kutembea.

Alikimbia hivyo mara kadhaa, mabuti, ngozi, mabuti, ngozi, Bwana Mpelumbe akimshikia kikombe. Sina hakika ni mara ya ngapi alipochoka. Najua tu kwamba alifika mlangoni akasimama kwenye kizingiti chenyewe, mguu mmoja una buti na mwingine una kiatu cha ngozi. Mpelumbe akamnyooshea kikombe. Akakisukuma.

"Maji yatawafikia watu wa Tulizana," akasema.

Alisema kwa sauti ambayo pande zote mbili zilisikia. Halafu Mpelumbe akapuliza filimbi.

Ningependa kuwaambia kwamba mtu mmoja alichukua simu akampigia Mkuu wa Wilaya. Sentensi ilikuwa imeshapatikana, tena fupi, mhuri ulikuwa mezani. Badala yake wazee wale, ambao hawajakaa meza moja tangu siku ya paja la mbuzi, waliitana haraka kujadili suala zito: kosa limetendeka upande gani? Lukumbo alisema neno la kwanza la sentensi lilikuwa maji, kwa hiyo kesi ya nidhamu ni ya kwake. Chirwambe alisema mtenda kosa ni mtu. Ikaletwa rula ya kupimia kizingiti. Mwajabu alikuwa amepiga magoti sakafuni, msomi mzima, anawashika pindo za majoho.

"Niadhibuni baadaye. Pigeni simu kwanza. Shangazi yangu yuko kule, watu wote wako kule, wanangoja neno lenu."

"Binti," akasema Chirwambe, "usiharibu kikao."

Ikaletwa chai. Ikaletwa na sambusa, na maini, na ndizi za kukaanga, na wakala, rula ikiwa katikati ya sahani. Niliwaona wakilamba vidole. Niliona mafuta yaleyale yakishuka kwenye viwiko vilevile. Mimi sikugusa kitu, na nilikimbilia nje nikatapika mpaka nikatapika nyongo, kwenye mvua, nimeegemea Ukuta.

*

Mto Lwande ulirudi alasiri ile. Ulipita palepale Mwajabu alipochora.

Waliopona ni vijana walioruka seng'enge wakachanika nyama, na watoto ambao wazazi wao waliweza kuwatupa juu ya geti kabla ya walinzi kukumbuka maelekezo. Hao walikamatwa kwa kuvamia malisho. Ng'ombe wote walikuwa salama.

Msafara wa serikali ulikwenda Tulizana maji yalipopungua, nami nikiwemo. Nitaeleza kidogo tu. Matope yalikuwa yanameta juani. Kulikuwa na harufu ambayo hakuna mheshimiwa aliyekosa kitambaa cha kuizuia. Mwajabu alikuwa ametangulia, anatembea kwenye matope na viatu vyake viwili visivyofanana, anamwita shangazi yake kila baada ya hatua.

Bwana Gwandumi aliwauliza wataalamu ni wa nani hawa waliolala kwenye matope, maana lazima mtu awaandikie ripoti na kuwazika.

"Si wangu," akasema Profesa Chirwambe, kitambaa puani. "Fani yangu ni watu. Mtu huhesabiwa akiitwa akaitika. Hawa hawaitiki."

Profesa Lukumbo alikuwa ameshashuka kwenye gari na mabuti yake, anachuchumaa hapa, anachuchumaa pale, uso umemnawiri. "Ni mashapo!" akaita. "Tena yamejipanga kama nadharia inavyotaka. Makubwa yametua karibu. Madogo yamesafiri mbali zaidi. Njooni muone, madogo yamefika mpaka kule kwenye miwa!"

Mkuu wa Chuo akasema hapo basi pana utafiti mkubwa, na kwamba wafadhili kutoka nje wataweka fedha nono kwenye mashapo haya. Kusikia hivyo Chirwambe akaondoa kitambaa puani. Akasema akitafakari upya, hawa walikuwa watu, na yeye ndiye aliyewahesabu.

Bi. Stumai alikuwa amelala karibu na sufuria yake, nusu ya mwili wake imo kwenye mchanga. Lukumbo akawahi kumshika miguu, akisema ni sampuli nzuri sana, haijaharibika. Chirwambe akamshika mikono. Wakavutana. Wallahi wakavutana, mbele ya wageni, matope yakiwachuruzika mpaka kwenye viwiko, kila mmoja akitoa hoja. Na sisi tulisimama, wapiga picha, madereva, Mkuu wa Wilaya, mimi, tukitazama kama siku ile ya sinia.

Mwajabu alifika. Aliwaondoa mikono mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetoa kupe kwenye ngozi. Akavua khanga yake ya kiunoni, akamfunika mama yule, akakaa chini kwenye matope.

"Huyu ni shangazi yangu," akasema. "Ana jina."

Nilitapika tena pale. Sikuwa nimekula sambusa wala chai wala juisi. Sikuwa nimekula kitu chochote tangu siku ya utetezi, na sasa naona uvivu kumsingizia mpishi.

*

Serikali yetu ina shukrani. Kwa kuwa tasnifu zote mbili zilithibitishwa na matukio, Mwajabu alipewa shahada mbili za uzamivu asubuhi, na mchana wa siku hiyohiyo kifungo kimoja kwa kosa la kuchanganya. Shahada zilitangulia kwa sababu ya itifaki. Profesa Lukumbo amejengewa maabara ya mashapo. Profesa Chirwambe amepewa Tulizana mpya, iko bondeni mbele kidogo, pana kokoto nzuri.

Nilipewa ruhusa ya kumhoji mfungwa. Nilikuta amekonda, amenyolewa, ameshika wavu kwa vidole.

"Wewe ndiye uliyekula vitumbua siku ya geti," akasema.

"Ndiye mimi."

"Vilikuwaje?"

"Ndicho chakula pekee cha kazini ambacho tumbo langu limewahi kukipokea."

Alitikisa kichwa kukubali, machozi yakamtoka kimyakimya. "Alikuwa anatia iliki ya kusaga mwenyewe. Liandike hilo. Andika alikuwa mtu."

Mhariri wangu ameniachia nafasi mbili. Kwenye ukurasa wa maumbile niandike "Mto Lwande Warejea kwa Mafanikio". Kwenye ukurasa wa watu niandike "Tulizana Yapatwa na Hali, Wakazi Wapungua". Alinikumbusha mara mbili kwamba kati ya kurasa hizo lazima kuwe na tangazo la sabuni, zisigusane. Ofisi yetu nayo siku hizi ina ndoo mlangoni, na asubuhi hii mlinzi alininyooshea kikombe. Nilimpita.

Basi naandika hapa, kwenye karatasi isiyo na kurasa mbili. Maji ya Mto Lwande yalimuua Bi. Stumai, mchoma vitumbua, na majirani zake na watoto wao, mahali ambapo serikali iliwaweka ili ng'ombe wapate upepo, wakati maprofesa wanakula maini. Hiyo ni sentensi moja, nimeiandika yote kwa pamoja, na sijasukutua mdomo.